Nani Anamkagua Mkalimani?

Jimmy Carter alipotua Warsaw tarehe 29 Desemba 1977, hotuba yake ya uwanja wa ndege ilikuwa ya kawaida kabisa: ameondoka Marekani asubuhi ile, amekuja kusikia maoni ya Wapolandi na kuelewa matarajio yao. Mkalimani wake, aliyekodiwa kwa dola 150 kwa siku, akawaambia wenyeji kwamba rais ameihama Marekani moja kwa moja, na kwamba ana hamu nao, hamu ya kimwili. Wapolandi wakacheka. Magazeti yakapata cha kuandika. Mkalimani akaondolewa, ziara ikaendelea.

Kila tafsiri inapozungumzwa, kisa hiki hakikosi kusimuliwa, na husimuliwa kama onyo. Mimi nakiona kinyume chake. Kosa lilitokea mbele ya umati uliokijua Kipolandi kuliko mkalimani mwenyewe, likagunduliwa papo hapo. Kosa la tafsiri likishachekwa, maana yake kuna mtu amelikagua. La kuogopa ni lile linalopita kimya kwa sababu chumbani hamna hata mmoja wa kulicheka. Ukiyafuatilia makosa ya tafsiri yaliyogharimu watu damu, ardhi au uhai, utakuta ugumu wa maneno ni sehemu ndogo tu ya sababu. Sehemu kubwa ni upweke wa aliyetafsiri: yeye peke yake, au mashine peke yake, ndiye aliyesimama katikati, na hakuna wa pili aliyepewa kazi ya kuuliza, “Hivyo ndivyo alivyosema?”

Tazama Mkataba wa Wuchale, uliotiwa saini tarehe 2 Mei 1889 kati ya Menelik II wa Ethiopia na mjumbe wa Italia, Pietro Antonelli. Uliandikwa kwa Kiamhari na Kiitaliano. Kifungu cha 17 cha Kiamhari kilimpa Menelik hiari: akitaka, anaweza kuitumia serikali ya Italia katika mawasiliano yake na mataifa mengine. Kwa Kiitaliano hiari ile ilikuwa imegeuka wajibu. Italia ikayatangazia mataifa ya Ulaya kwamba Ethiopia sasa iko chini ya ulinzi wake. Menelik alianza kuelewa kilichotokea kwa njia ya aibu. Alikuwa amewaandikia watawala wa Ulaya kuwaarifu kuhusu kutawazwa kwake, na majibu yaliyorudi, likiwemo la Malkia Victoria mwaka 1890, yalimwonyesha kwamba barua zake zilitakiwa kupitia Roma.

Wanahistoria bado wanabishana kama ilikuwa hila ya makusudi au uzembe, na nani alijua nini. Kwa hoja yangu hilo si la kwanza. La kwanza ni kwamba tofauti kubwa kiasi kile ilipita hadi kwenye mhuri bila aliyeumizwa nayo kuiona. Menelik aliukana mkataba mwaka 1893, vita vikaja, na tarehe 1 Machi 1896 jeshi la Italia likashindwa vibaya na Waethiopia huko Adwa. Mkataba wa Addis Ababa wa Oktoba mwaka huo ukaufuta ule wa Wuchale. Waethiopia walilisahihisha kosa la tafsiri kwa bunduki, na ni wachache katika enzi ile waliopata bahati hiyo. Wamaori wa New Zealand hawakuipata. Mkataba wa Waitangi wa Februari 1840 ulitafsiriwa usiku mmoja na mmisionari Henry Williams na mwanawe Edward. Machifu zaidi ya 500 walitia saini nakala ya Kimaori, iliyowaachia mamlaka juu ya mambo yao, na 39 tu walitia saini ya Kiingereza, iliyokabidhi enzi yote kwa malkia. Baraza la kuchunguza malalamiko yaliyotokana na mkataba ule liliundwa mwaka 1975, miaka 135 baadaye.

Sheria ya kimataifa imejaribu kuziba pengo hili. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1969 kuhusu sheria ya mikataba unasema, katika kifungu cha 33, kwamba matini zilizothibitishwa katika lugha mbalimbali zina nguvu sawa, na kwamba maneno yanachukuliwa kuwa na maana ile ile katika kila matini. Maneno mazuri, ila ni ya kudhania tu. Yanaeleza la kufanya tofauti ikishajitokeza. Kuisaka kabla wino haujakauka ni kazi ya watu.

Na usidhani haya ni mambo ya wafalme na mabalozi tu. Programu uliyoipakua kwenye simu jana inaweza kuwa na masharti yake kwa Kiswahili, pengine Kiswahili kizuri tu, na mwishoni kabisa ukakuta sentensi inayosema kwamba pakitokea mgongano kati ya matoleo, la Kiingereza ndilo litakalofuatwa. Isome sentensi hiyo taratibu. Inakuambia kwamba ulichosoma ni hisani, na ulichokubali ni kitu kingine ambacho hukuonyeshwa. Kampuni haijavunja sheria yoyote, na haina sababu ya kumlipa mtu wa pili ailinganishe tafsiri na asili yake, maana kosa likiwemo, hasara ni ya msomaji. Hapo ndipo penye kiini cha jambo: ukaguzi hugharimiwa na yule ambaye kosa litamuuma, na kwa kawaida huyo ndiye asiye na uwezo wa kuugharimia.

Kuna mahali ambapo watu walilifikiria hili mapema na kulifanyia kazi. Kesi ya viongozi wa Kinazi ilipofunguliwa Nuremberg tarehe 20 Novemba 1945, ilibidi iendeshwe kwa lugha nne kwa wakati mmoja: Kiingereza, Kifaransa, Kirusi na Kijerumani. Ukalimani sawia, yaani wa kutafsiri msemaji akiwa bado anasema, kwa kiwango kile ulikuwa haujawahi kujaribiwa mahakamani. Waliouandaa hawakujidanganya kwamba watapata wakalimani wasiokosea. Waliweka makundi matatu ya watu kumi na wawili. Kundi moja liko kazini; la pili liko chumba cha jirani, linafuatilia kwa vipokea sauti ili likiingia zamu lisiwe geni; la tatu linapumzika. Msimamizi alikaa na wakalimani akisikiliza, na alikuwa na taa mbili za kuwashia. Ya njano ilimwambia shahidi, wakili au hakimu apunguze mwendo. Nyekundu ilisimamisha kila kitu, hadi kilichosemwa kirudiwe. Na maneno yote yalirekodiwa, ili baadaye wengine wakae na santuri wailinganishe tafsiri na sauti ya asili kabla kumbukumbu haijawa rasmi.

Fikiria taa ile ya njano inavyomgeuzia kibao mwenye mamlaka. Hakimu katikati ya sentensi anaambiwa: mkalimani amezidiwa, subiri. Katika vyumba vingi vya leo, mkalimani akizidiwa hunyamaza, akaruka maneno mawili matatu, akakimbilia sentensi inayofuata, na msikilizaji hatajua kamwe alichokosa.

Taaluma ya ukalimani wa mikutano imeushika utaratibu huo. Kibandani hukaa wawili kwa kila lugha, wakipokezana kila baada ya nusu saa hivi, kwa sababu ubongo unaosikiliza lugha moja na kusema nyingine kwa wakati mmoja huchoka haraka, na uchovu huonekana katika makosa kabla mwenyewe hajausikia mwilini. Anayepumzika kwa kweli hapumziki. Ana kalamu na karatasi. Msemaji akitaja bilioni 3.7, au jina la waziri lenye silabi saba, mwenzake huliandika upesi na kulisogeza chini ya macho ya anayesema, kwa kuwa namba na majina ndivyo vya kwanza kumponyoka mtu. Huo ndio mfano mdogo kabisa wa ukaguzi ninaoujua, na hauhitaji mtambo wowote.

Sasa toka kwenye kibanda hicho uende hospitalini. Mama amekaa upande mmoja wa meza, daktari upande wa pili, na katikati yao yuko mtoto wa miaka kumi aliyejifunza lugha ya nchi ile shuleni. Daktari anaeleza kwa dakika nzima: uvimbe, kipimo kingine, uwezekano wa upasuaji, dawa isiyochanganywa na nyingine. Mtoto anasikiliza, anamtazama mama yake. “Amesema nini?” Mtoto anasema, “Amesema utakunywa dawa, utapona.” Daktari anaona mgonjwa anatikisa kichwa kukubali, anaandika kwenye faili kwamba mgonjwa ameelezwa na ameelewa. Hakuna aliyedanganya kwa nia mbaya. Mtoto kafanya alichokiweza, tena kwa huruma. Lakini faili sasa lina jambo lisilo la kweli, na hakuna mtu duniani anayelijua isipokuwa mtoto yule. Marekani, kanuni za mwaka 2016 za kutekeleza sheria ya bima ya afya zilizuia hospitali kutegemea watoto kama wakalimani isipokuwa katika dharura. Kanuni kama hiyo huandikwa pale tu jambo linapokuwa limezoeleka.

Hatari nyingine ya hospitalini inajificha zaidi: kila mtu kudhani ameelewa. Januari 1980, huko Florida, kijana wa miaka 18 alifikishwa hospitali akiwa hajitambui. Jamaa zake, wasemaji wa Kihispania cha Cuba, walisema yuko “intoxicado”. Kwao ni neno la mtu aliyedhuriwa na kitu alichokula au kunywa. Madaktari walisikia neno linalofanana na la Kiingereza la kulewa, wakamtibu kama aliyezidisha dawa za kulevya. Kumbe ubongo ulikuwa unavuja damu. Alipona akiwa amepooza mikono na miguu, na malipo ya fidia yalikadiriwa kufika dola milioni 71 katika maisha yake yote. Mkalimani hakuitwa, maana hakuna aliyehisi kwamba anahitajika. Neno lingekuwa geni kabisa, mtu angeuliza. Lilifahamika nusu, na nusu hiyo ndiyo iliyomlemaza kijana wa watu.

Na hapa ndipo mashine inapoingia, nami sitaki kuwa miongoni mwa wanaoilaani tu. Programu za kutafsiri zimewafungulia watu milango. Google Translate ilianza mwaka 2006, ikahamia mwaka 2016 kwenye mitandao ya neva, yaani programu inayojifunza lugha kutoka kwenye mifano mingi, na Juni 2024 iliongeza lugha 110 kwa mpigo mmoja. Mtu aliyekuwa bubu mbele ya ofisa wa uhamiaji sasa ana pa kuanzia. Ninayo malalamiko mawili tu, na yote yanarudi kwenye ukaguzi.

La kwanza ni sauti yake. Mkalimani wa kweli akikwama utamwona: atasita, atauliza, atakunja uso, atasema “kitu kama hicho”. Mashine hutoa sentensi inayoijua na sentensi inayoibahatisha kwa ulaini ule ule. Ile ishara ya kusita, ambayo kwa msikilizaji ilikuwa kama taa ya njano, haipo tena. Oktoba 2017, Mpalestina mmoja aliweka Facebook picha yake akiwa ameegemea buldoza pale alipokuwa akifanya kazi ya ujenzi, katika makazi ya walowezi wa Kiyahudi ya Beitar Illit, Ukingo wa Magharibi, na kuandika kwa Kiarabu salamu ya asubuhi. Tafsiri ya mashine kwa Kiebrania ikasomeka “washambulieni”. Polisi wa Israel walimkamata, wakamhoji kwa saa kadhaa, kisha wakamwachia. Baadaye walithibitisha kwamba kabla ya kumkamata, hakuna ofisa anayejua Kiarabu aliyeusoma ujumbe ule. Katika nchi ambayo wasemaji wa Kiarabu ni wengi kiasi kile, wa kuuliza angepatikana ndani ya dakika tano. Ila sentensi ilionekana imekamilika, na sentensi iliyokamilika haimpi mtu sababu ya kuuliza.

La pili ni kwamba mashine inamfaa zaidi yule anayejua lugha zote mbili, naye ndiye asiyeihitaji sana. Asiyejua lugha ya pili ndiye anayeitegemea, na hana cha kuipimia. Wengi wamejibunia kipimo: wanatafsiri kwenda, kisha wanatafsiri kurudi, na ikirudi kama ilivyokwenda wanaridhika. Kipimo hicho kina tobo, na wasemaji wa Kiswahili tuko mahali pazuri pa kuliona. Iandikie mashine sentensi “yeye ni muuguzi”, uitafsiri kwa Kiingereza. Kiswahili hakikusema kama huyu ni mwanamke au mwanamume. Mashine ikilazimika kuchagua, mara nyingi imemfanya muuguzi mwanamke na mhandisi mwanamume. Sasa irudishe. Inarudi: yeye ni muuguzi. Safi kabisa, neno kwa neno. Kilichoongezwa njiani kimepanguswa njiani, na mkaguzi wako ameondoka ameridhika wakati barua ya Kiingereza iliyokwisha kutumwa imembadili mtu jinsia. Kwenye barua ya maombi ya kazi hilo ni kero. Kwenye maelezo ya mtafuta hifadhi, ambayo hakimu anayapekua akitafuta sentensi zinazopingana, ni jambo jingine.

Vyumba vya habari navyo vina upweke wa aina hii. Hotuba inatolewa kwa Kiajemi au Kichina, shirika la habari linaitoa kwa Kiingereza, na mhariri wa habari za kimataifa, mwenye dakika ishirini kabla ya taarifa kwenda hewani, anaiweka kwa Kiswahili. Msomaji anapokea tafsiri ya tafsiri. Hilo lenyewe sina ugomvi nalo. Habari lazima zitoke. Ugomvi wangu ni na alama za mtajo. Kiongozi amenukuliwa kati ya alama mbili kana kwamba ndivyo alivyotamka, wakati maneno yale ya Kiswahili yametungwa na mhariri, ambaye naye ameyatoa kwenye maneno ya Kiingereza yaliyotungwa na mtu mwingine. Alama zile ni kiapo, na aliyekula kiapo hajamsikia msemaji. Siku kauli inapokuwa kali, na watu wanapoanza kubishana mtandaoni kama alisema atalipiza kisasi au alisema atajibu, wanabishana juu ya chaguo la mhariri asiyetajwa jina. Video ndiyo mbaya zaidi: mtu anabandika maandishi ya uongo chini ya picha ya mtu anayesema lugha wasioijua watazamaji, na sauti halisi inaendelea kusikika kama ushahidi, ingawa hakuna anayeuelewa ushahidi huo.

Nikishasema hayo, naomba tusiwatwike wafasiri mizigo isiyo yao. Kuna simulizi maarufu kwamba Hiroshima ilipigwa bomu kwa sababu ya neno moja lililotafsiriwa vibaya, “mokusatsu”, alilolitumia Waziri Mkuu Suzuki Kantaro tarehe 28 Julai 1945 alipolijibu Azimio la Potsdam, lililoitaka Japani isalimu amri. Ati alimaanisha hana la kusema kwa sasa, ikatafsiriwa kwamba amepuuza kwa dharau. Neno lina utata kweli. Lakini amri ya kudondosha bomu ilikuwa imetolewa tarehe 25 Julai, siku tatu kabla Suzuki hajafungua mdomo. Simulizi ile inapendwa kwa sababu inawapa nafuu wote: hakuna aliyetaka, ni kamusi tu. Wanasiasa wa leo wameijua njia hiyo. Kauli ikileta moto, msemaji wa serikali anatoka kusema kwamba kiongozi alitafsiriwa vibaya, na mara nyingine ni kweli, mara nyingine tafsiri ilikuwa sahihi kuliko walivyotaka. Bila matini ya asili mezani, msomaji hana namna ya kupambanua. Hivyo ukosefu wa ukaguzi humwumiza mfasiri mwaminifu pia: hawezi kuthibitisha kwamba alikuwa sahihi.

Ukaguzi unashindikana hata pale wakaguzi wanapokuwa maelfu, ikiwa hakuna aliyefikiria kuwauliza. Kwenye kumbukumbu ya Nelson Mandela, tarehe 10 Desemba 2013 katika uwanja wa FNB jijini Johannesburg, mkalimani wa lugha ya alama alisimama karibu na Barack Obama na viongozi wengine akipunga mikono isiyo na maana. Ulimwengu unaosikia haukuona kasoro yoyote. Viziwi waliokuwa wakitazama waliona ndani ya dakika za mwanzo na wakaanza kulalamika mtandaoni wakati shughuli ikiendelea. Inaelekea mtu yule alipangwa na watu wanaosikia, kwa ajili ya watu wasiosikia, na hakuna kiziwi aliyeombwa kumtazama kwa dakika tano kabla.

Najua jibu la wahariri, na la wakurugenzi wa hospitali: hatuna fedha za mtu wa pili. Kwa hospitali jibu hilo silikubali, maana gharama ya kukosea imeshaonekana. Kwa vyumba vya habari nalikubali nusu, kwa sababu huko watu wa pili wapo bure. Wasomaji wa Kiswahili ni watu wa lugha mbili, tatu, nne. Kati yao wapo waliosoma Kiarabu utotoni, waliofanya kazi Guangzhou, China, waliokulia kwenye Kifaransa cha Kongo. Wangeikagua kila nukuu ndani ya saa moja kama wangepewa cha kukagulia. Kinachotakiwa ni mstari mmoja chini ya habari: imetafsiriwa na nani, kutoka lugha gani, kwa mkono au kwa mashine, na maneno ya asili yanapatikana wapi. Na nukuu iliyopitia lugha ya tatu iandikwe kama kauli iliyoripotiwa, bila alama za mtajo, hadi atakapopatikana mtu aliyeisikia.